Major Taylor na mbio zisizosogea

Jana nilianguka na baiskeli ndani ya chumba. Usicheke, ndugu msomaji. Rafiki yangu alinipandisha kwenye rola: silinda tatu ndani ya fremu ya chuma, mbili chini ya gurudumu la nyuma, moja chini ya la mbele. Hakuna kinachoishika baiskeli. Unakanyaga kwa nguvu zote na husogei hata hatua moja, ila ukiacha kukanyaga unakwenda chini. "Tazama mbele, usitazame gurudumu," akaniambia. Nilipomsikiliza nikakaa juu dakika nzima.

Nikiwa nauguza kiwiko nikamkumbuka Marshall "Major" Taylor, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Indianapolis mwaka 1878. Mwaka 1894 chama cha waendesha baiskeli, League of American Wheelmen, kilipiga marufuku weusi kuwa wanachama. Taylor akashindana hivyo hivyo. Uwanjani wazungu walimbana na kumfungia njia. Septemba 1897, mjini Taunton, Massachusetts, mpinzani aitwaye Becker alimkaba koo baada ya mbio mpaka akazimia. Adhabu? Faini ya dola 50. Agosti 1899, huko Montreal, Taylor akawa bingwa wa dunia wa maili moja.

Sasa rola zinaingiaje? Mwishoni mwa 1900 Taylor alipanda majukwaa ya kumbi za maonyesho huko Massachusetts kushindana kwenye rola na Charles Murphy, mzungu aliyepata sifa mwaka 1899 kwa kumaliza maili moja nyuma ya treni chini ya dakika moja. Kila mtu na rola zake. Hakuna wa kumbana mwenzake, hakuna wa kumsukuma. Ni miguu tu.

Mwanzoni nilisema moyoni: hapo angalau palikuwa na haki. Lakini ni haki gani hiyo? Bingwa wa dunia anaachwa akanyage kwa amani pale tu ambapo mbio hazifiki popote, na watu wamelipa kiingilio waburudike! Ubaguzi wa viwanjani haukuondoka. Taylor alikufa maskini Chicago mwaka 1932, akazikwa kaburi lisilo na jina. Mwaka 1948 ndipo wapenzi wa baiskeli walipomzika upya kwa heshima.

Vijana tunaambiwa kila siku tukanyage kwa bidii. Sawa, tutakanyaga. Ila tuulize pia: chini yetu kuna barabara, au kuna rola?

Tutafakari.