Te na Chai

Mchai si mmea wa asili wa Rungwe. Wajerumani waliupanda kwanza Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, kisha Kyimbila, karibu na Tukuyu, mwaka 1904. Kilimo chake cha biashara kilianza mwaka 1926, nchi ikiwa chini ya Waingereza. Wajerumani waliuita „Tee”, na Waingereza „tea”. Hata hivyo wenyeji hawakulipokea neno la mabwana hao wawili. Wao walisema chai. Sababu ni nini?

Maneno hayo yote yana chimbuko moja, nalo ni Uchina. Huko herufi moja husomwa „cha” katika sehemu nyingi, na „te” katika lahaja ya pwani ya Fujian. Waholanzi, walionunua majani kwa watu wa Fujian, ndio walioieneza „te” katika Ulaya. Mwaka 1660 Samuel Pepys wa London aliandika kwamba amekunywa kikombe cha „tee”, kinywaji cha Kichina. Nalo neno „cha” lilifika Uajemi na India, likawa „chai”, na kwa biashara ya Bahari ya Hindi likaingia katika Kiswahili. Basi mtawala alileta mche, lakini jina la kinywaji lilipita njia ya wafanya biashara.

Kwa Waingereza neno hilo lilipanuka, likawa pia mlo wa alasiri, na kaskazini mwa nchi yao mlo wa jioni. Kadhalika kwa Waswahili: aliyekunywa uji asubuhi huweza kusema amekwisha kunywa chai. Mchaichai nao umepewa jina hilo, ingawa ni nyasi isiyo na udugu na mchai.

Lakini iko maana nyingine, iliyo chungu. Mwenye shida ofisini huambiwa atoe chai, yaani hongo. Neno la kumkaribishia mgeni limefanywa kuwa pazia la dhuluma.

Kwa mkulima mdogo wa Katumba au Mwakaleli, chai ni majani mabichi yaliyochumwa katika umande, yakapimwa kwa kilo, yakageuka kuwa ada ya mtoto shuleni. Anapodaiwa „chai” ili apewe haki yake, huombwa jasho lake kwa jina la jasho hilo hilo. Hongo ina jina lake katika Kiswahili, na yafaa iitwe kwa jina hilo.