Halua: Jina Lililokuja na Kazi Iliyokuwapo

Neno halua limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya utamu. Sukari na zafarani nayo ni maneno yaliyopitia Kiarabu. Kwa ushahidi huo, ni rahisi kuhitimisha kuwa ufundi wa halua uliletwa pwani ya Afrika Mashariki ukiwa umekamilika, hususan Seyyid Said wa Oman alipohamishia makao yake Unguja katika karne ya 19.

Hata hivyo, hitimisho hilo linasahau vitenzi. Halua husongwa, na kusonga ni kitenzi cha Kibantu, kilekile kinachotumika kwa ugali. Chombo chake ni mwiko, neno la Kibantu vilevile. Wanga na sukari huwekwa motoni, samli ikatiwa kidogo kidogo, na mwiko hauachwi mpaka halua iwe nzito na kung'aa. Msongaji akilegea, halua hushika chini na kuungua. Aidha, ilhali Oman hutumia wanga wa ngano, visiwani hutumika pia wa muhogo, zao lenye asili ya Amerika.

Kwa hiyo, nomino hueleza safari za biashara. Vitenzi hueleza kazi. Majikoni mwa matajiri wa Unguja karne hiyo walikuwamo watumwa, ambao majina yao mengi hayakuandikwa. Mwanaisimu anayehesabu maneno ya mkopo peke yake huwafuta mara ya pili.