Jinsi mzunguko wa sehemu za protini unavyopimwa

Samaki wadogo wa jamii ya tilapia katika Ziwa Magadi, Kaunti ya Kajiado, huishi kwenye maji ya moto yenye magadi makali, ambayo oksijeni yake hupungua mno usiku. Mwaka wa 1989, wanasayansi walieleza katika jarida la Nature kwamba samaki hao hutoa taka za naitrojeni kama urea badala ya amonia. Jambo lisilotajwa sana ni damu yao, ambayo hunasa oksijeni hata inapokuwa haba.

Kazi hiyo hufanywa na himoglobini, protini ya minyororo minne iliyojipanga katika nusu mbili. Inapopokea au kuachilia oksijeni, nusu moja huzunguka takriban nyuzi 15 ikilinganishwa na nyingine. Max Perutz wa Cambridge, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1962 pamoja na John Kendrew, alichunguza himoglobini ya farasi kwa eksirei, na mwaka wa 1970 akaeleza utaratibu wa badiliko hilo.

Nyuzi hizo hupimwaje? Fundi wa Kitengela anayetaka kujua lango alilochomelea limefunguka kiasi gani huanzia kwenye mwimo, ambao hausogei. Mtaalamu wa protini hufanya vivyo hivyo. Huchukua maumbo mawili, lenye oksijeni na lisilo nayo, kisha kwa kompyuta hulaza nusu ya kwanza ya umbo moja juu ya mwenzake hadi atomu zikaribiane kabisa. Ndipo hukokotoa mzunguko unaoipeleka nusu ya pili kutoka mahali pake pa awali hadi papya. Hesabu hiyo hutoa pembe, na pia mhimili, yaani bawaba yenyewe.

Kosa la kawaida ni kulinganisha molekuli nzima kwa pamoja. Hapo kompyuta hugawanya mwendo, mwimo ukaonekana umesogea na lango limefunguka kidogo tu. Pembe isiyotajiwa sehemu iliyoshikiliwa haina thamani kubwa. Aidha, vitanzi vinavyolegea huachwa nje ya hesabu, kwani hupotosha ulinganisho.

Katika heksokinesi ya hamira, mwaka wa 1978 ilibainika kuwa sehemu moja huzunguka nyuzi 12 ikiikumbatia glukosi. Programu ya DynDom, iliyochapishwa mwaka wa 1998, hutafuta yenyewe mipaka ya sehemu hizo.

Makadirio ya AlphaFold, yaliyowekwa wazi kwa umma mwaka wa 2021, kwa kawaida huonyesha umbo moja. Kuipima himoglobini ya samaki wa Magadi kunahitaji mawili.