Shule ya Jikoni, Upareni 2020

Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba shule zifungwe kwa siku 30. Siku zikaongezwa, na shule za msingi zikaja kufunguliwa tarehe 29 Juni. Kwa mtoto wa darasa la kwanza aliyeanza Januari, alikaa nyumbani muda mrefu kuliko aliokuwa amekaa darasani. Huyu ndiye nataka kumzungumzia. Tukisimuliana habari za mwaka ule tunataja vyuo, kidato cha sita, mitihani. Yeye hatumtaji.

Mei ile nilikuwa wilayani Same, juu kule Mamba kwenye tangawizi, kwa binamu yangu mwenye watoto wawili, wa darasa la kwanza na la pili. Vipindi vya masomo vilirushwa redioni na kwenye televisheni, na wazazi wakaambiwa wasimamie. Sawa. Nyumba ile haikuwa na televisheni. Redio ilikuwepo, ila betri zilitunzwa kwa ajili ya taarifa ya habari ya usiku. Halafu ile ni masika, bwana. Mama gani atakaa na redio saa nne asubuhi wakati magugu yanamsubiri shambani?

Kwa hiyo shule ilifunguliwa jioni, jikoni. Vitabu vilibaki shuleni, basi mama akawa anaandika silabi kwa mkaa kwenye kipande cha boksi, mdogo anazisoma kwa sauti: ba, be, bi, bo, bu. Mkubwa alipewa maharage ya makande ayahesabu kabla hayajaingia chunguni. Ayagawe mafungu ya kumikumi, atoe saba, aseme yamebaki mangapi. Aliyewahi kupika makande anajua kwamba chungu kikishakaa motoni kuna saa nzima na zaidi za kusubiri, na saa hizo ndizo zilizokuwa kipindi cha pili. Herufi zilisomwa kwa Kiswahili. Maelezo yote, pamoja na ukali, yalikuwa kwa Chasu.

Hapo kwenye Chasu nilikwama kidogo. Wamisionari Waadventista kutoka Ujerumani walifika Giti, Upare ya Kusini, mwaka 1903. Mmisionari mwenzao, Ernst Kotz, alichapisha sarufi ya Chasu huko Berlin mwaka 1909. Maana yake ni kwamba lugha aliyokuwa akiitumia binamu yangu pale jikoni ilikuwa na sarufi kitabuni miaka 111 kabla ya jioni ile, na bado darasani haina nafasi. Sina ugomvi na Kiswahili, ndicho kinachonilisha. Lakini mtoto wa miaka saba anapofundishwa kusoma katika lugha moja na kuelewa katika nyingine, kuna kazi ya katikati lazima mtu aifanye, na mwaka ule aliifanya mama aliyetoka kupalilia.

Wapo watakaosema Wapare walikuwa na elimu yao ya nyumbani zamani. Ni kweli. Vijana walipelekwa mshitu, jando la msituni. Na ndiva, yale mabwawa madogo yanayojazwa maji usiku na kufunguliwa mchana kwa zamu, ni hesabu tupu: nani ametangulia, maji yatoshe mashamba mangapi. Profesa Isaria Kimambo, mwenyewe Mpare, alizunguka milima hii akiwasikiliza wazee, na masimulizi yao ndiyo msingi wa kitabu chake cha historia ya siasa za Wapare kilichotoka mwaka 1969. Bila kumbukumbu za majumbani, kitabu kile kisingeandikika.

Ila tusijidanganye. Ndiva haimfundishi mtu kusoma. Kusoma kwa mtoto wa darasa la kwanza ni kitu chepesi sana kupotea, na mzee aliyekaa mshitu hawezi kukirudisha kama hakuna kitabu ndani ya nyumba. Wanaopenda kusifia elimu ya jadi wakiwa mjini, jirani na duka la vitabu, huwa hawafiki hapo.

Na ushahidi wa shule ile uko wapi? Mahudhurio hayakuandikwa, daftari halikusahihishwa. Juzi nilimpigia binamu yangu nikamuuliza kama lile boksi bado lipo. Akacheka sana. Liliwashia moto wiki ileile shule zilipofunguliwa. Nikaomba niongee na yule mkubwa, nikamuuliza anakumbuka nini. Akasema anakumbuka maharage. Ukikosea hesabu unaanza upya, na chakula kinachelewa, na nyumba nzima inajua ni wewe.