Mtaji na Bwawa la Mkulima Mdogo: Fundisho la Historia

Katika madarasa ya siasa tunasisitiza kwamba uwekezaji si fedha tu. Ni uhusiano baina ya mwenye mtaji na mwenye jasho. Historia ya ufugaji wa samaki nchini Tanzania inathibitisha jambo hilo.

Ufugaji huo ulianza mwaka 1949, enzi za mkoloni, kwa majaribio ya kufuga perege huko Korogwe, mkoani Tanga, na Malya, mkoani Mwanza. Mabwawa mengi yalichimbwa. Kutokana na ukame, utaalamu usiofaa na usimamizi mbovu, yaliacha kuzalisha. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, Serikali ilianzisha kampeni ya taifa ya ufugaji wa samaki. Ilipofika mwaka 1968, mabwawa yalihesabiwa kufikia 8,000. Kwa takwimu, hayo yalikuwa mafanikio. Kwa hali halisi, baadhi yake yalikuwa na eneo la meta 20 za mraba tu, yaani meta 4 kwa 5, na mavuno yake yalikuwa haba mno. Kampeni haikufanikiwa.

Je, kosa lilikuwa la nani? Wapo wanaodai kuwa mkulima ni mvivu. Hatukubaliani nao. Aliyechimba bwawa kwa jembe la mkono alikwisha kutoa alichokuwa nacho: ardhi, maji na nguvu zake. Alikosa yale asiyoweza kujipatia peke yake. Kwanza, vifaranga bora: perege dume na jike wakifugwa pamoja huzaana upesi, na bwawa hujaa samaki wadogo wasiokua. Pili, chakula cha kutosha. Tatu, mtaalamu wa kurudi kumtembelea baada ya bwawa kujaa maji. Sisi viongozi tulihesabu mashimo, tukasahau kupima mavuno.

Januari 2024, jijini Mwanza, Serikali ilianza kuwakopesha wananchi vizimba vya kufugia samaki ziwani, bila riba. Hiyo ni hatua ya maendeleo. Lakini mgongano wa zamani haujaondoka. Katika ufugaji wa vizimba, chakula ndicho gharama kubwa kuliko zote. Mfugaji anaweza kumiliki kizimba, na bado jasho lake likaishia kwa anayemuuzia vifaranga na chakula na kumpangia bei ya samaki.

Hivyo basi, kada anapofika kijijini asiridhike na idadi ya mabwawa au vizimba. Aulize: Vifaranga vinatoka wapi? Chakula kinauzwa na nani? Bei inapangwa na nani? Wafugaji wana ushirika wao, au kila mmoja yuko peke yake mbele ya mfanyabiashara? Tusipouliza maswali hayo, mkulima atabaki na deni, na sisi tutabaki na takwimu nzuri, kama za mwaka 1968.