Saa za Kuli: Bandari na Bei ya Kazi ya Ziada

Kabla ya 1956 meli kubwa iliyoingia Dar es Salaam haikufunga gatini. Ilitia nanga katikati ya bandari, na matishari yakawa yanakwenda na kurudi, makuli wakipakua magunia na kupakia robota za mkonge. Kila saa meli iliyokaa bure mwenyewe alikula hasara. Ndiyo maana kazi ya usiku ilizoeleka bandarini mapema kuliko sehemu nyingi.

Mashambani hesabu ilikuwa nyingine. Zama za utumwa, watumwa wa mashamba ya karafuu Unguja kwa desturi walimfanyia bwana kazi siku tano. Alhamisi na Ijumaa walilima vikonde vyao. Ukoloni ulipokuja, kibarua wa Tanganyika au Kenya alishikishwa kipande, yaani kadi ya kazi ya siku 30. Siku aliyomaliza ngwe iliandikwa. Asiyomaliza haikuandikwa, hata kama alihenya tangu alfajiri. Hapo huwezi kudai malipo ya muda wa ziada, kwa kuwa muda wenyewe haukuhesabiwa. Mnyapara akiirefusha ngwe, siku inarefuka nayo, na ujira uko pale pale.

Kuli alikuwa na nafuu moja ambayo mtu wa kipande hakuwa nayo. Aliajiriwa kwa siku, langoni, serahangi akichagua genge lake. Aliyekesha kwenye tishari aliweza kulala kesho yake bila kumwomba yeyote ruhusa. Waajiri na maofisa wa serikali waliuita uvivu. Mimi nauona kuwa ndiyo likizo pekee aliyokuwa nayo, na alijigharimia mwenyewe.

Bei za vitu zilipopanda wakati wa Vita Kuu ya Pili, nafuu hiyo haikutosha tena. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa, makuli wakiwa mstari wa mbele, waligoma. Mji ulisimama, na mikutano ikafanyika Kiwanja cha Maskini. Chege Kibachia, aliyeibuka kuwa kiongozi wao, alikamatwa Agosti mwaka huo na kuhamishiwa Baringo. Serikali iliunda baraza la usuluhishi chini ya Jaji Thacker, ujira ukaongezwa. Septemba ikawa zamu ya Dar es Salaam: mgomo wa bandari ukapanda na reli hadi bara. Zanzibar ikafuata 1948.

Hapa ndipo wengi wetu husimulia nusu ya habari. Ujira uliopanda ulikuja na daftari. Mwajiri anayelipa zaidi alitaka kujua nani atakuwapo kesho, kwa hiyo makuli wakaandikishwa, na Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliyeandikishwa alitakiwa kufikisha idadi fulani ya siku kwa mwezi, la sivyo jina lake lifutwe. Dar es Salaam walilikataa daftari mapema. Februari 1950 makuli waligoma kupinga utaratibu mpya wa kuwaita kazini, ghasia zikazuka, na chama chao kikavunjwa mwaka huo huo. Hawakuwa wakigombania senti tu. Waligombania nani apange lini mtu afanye kazi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya 2004, inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Saa ya ziada hulipwa angalau mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, sikukuu mara mbili, na kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi huongezewa asilimia 5. Asilimia 5 ni kitu kidogo mno kwa usingizi wa mtu. Kifungu ninachokithamini zaidi ni kile kinachosema saa za ziada zifanywe kwa makubaliano tu, kwa maana kinamrudishia mfanyakazi sehemu ya kile kuli alichonyang'anywa na daftari. Ila mameneja wanaowajibika moja kwa moja kwa wakuu wa kampuni hawamo katika kinga hiyo ya saa. Wao simu ikilia saa tano usiku, wanapokea bure.