Bwawa la Ndakaini na Milima Iliyo Juu Yake

Katika mwaka wa jubilei watu huketi na kuhesabu waliyopewa na waliotangulia. Hesabu hiyo kwa kawaida huanza na majengo, na shule, na majina ya viongozi, nayo ni haki. Lakini iko kazi moja ya wazee wetu isiyowekewa jiwe la ukumbusho, nayo ni kazi ya kuushika udongo wa milima usiende na maji. Tumependa kuandika habari zake kwa njia ya bwawa la Ndakaini, lililoko Gatanga katika nchi ya Murang'a, kwa kuwa bwawa hilo laonyesha wazi faida ya kazi hiyo na hasara ya kuidharau.

Atokaye mji wa Thika kwenda Ndakaini hupanda. Nchi yetu imekunjwa kama nguo: mgongo, bonde, mto, tena mgongo, bonde, mto. Apitaye kwa gari haoni sana, maana barabara hupenda kufuata mgongo mmoja. Lakini akataye njia kwa miguu kutoka mgongo hata mgongo huijua nchi hii kwa magoti yake. Chini yako mashamba ya kahawa na ndizi, juu zaidi chai, na juu ya chai msitu. Hata ukifika kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, unaona maji mengi yametulia katikati ya vilima vya chai, yakiingia katika kila bonde kama vidole vya mkono. Hilo ndilo bwawa.

Nyuma yake husimama milima ambayo Wagikuyu huiita Nyandarua, maana yake ngozi inayokaushwa, kwa jinsi mgongo wake unavyoonekana kutoka mbali. Mzungu Joseph Thomson, aliyepita nchi hizi katika safari yake ya 1883 na 1884, aliipa jina la Aberdare kwa heshima ya bwana mmoja aliyekuwa mkuu wa chama cha jiografia huko Uingereza. Na majina yote mawili yangali yakitumika. Kilele cha Kinangop hufika mita 3,906, na kile cha Lesatima, kilicho kaskazini, hukaribia mita 4,000. Siku hizi vijana wengi wa Nairobi huja kupanda milima hiyo kwa ajili ya kujiburudisha, hasa ule uitwao Elephant Hill, upande wa Njabini. Hupita katika mianzi na matope, kisha hutoka katika nyasi ndefu penye ukungu na baridi kali. Wengi wao hupanda wakiwa na maji katika chupa, wala hawajui kwamba nyasi na ukungu ule ndio mwanzo wa maji ya bomba waliyoyaacha nyumbani.

Maana mvua inayonyesha juu huko haikimbii mara moja. Majani huipokea, na udongo mweusi wa msitu huinywa kama sifongo, kisha huiachia pole pole katika chemchemi. Hivyo mito yetu hutiririka hata miezi ya kiangazi. Mito mitatu, Thika, Githika na Kayuyu, hulijaza bwawa la Ndakaini. Yanayobaki hushuka na kuingia katika mto Tana, na Tana huenda mbali sana, hata Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Basi mtu wa Gatanga na mtu wa pwani, ingawa hawajuani, wamefungwa kwa kamba moja.

Sasa tueleze jinsi bwawa lilivyokuja kuwapo. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 mahali pale palikuwa kambi tu, na jina lake latokana na maneno ya Kimasai yenye maana ya maji baridi. Lakini kambi iligeuka mji, na mji ukazidi maji yake. Kwanza zilitumika chemchemi za Kikuyu zilizo karibu. Kisha likajengwa bwawa katika mto Ruiru. Kisha, mwaka 1956, bwawa la Sasumua upande wa Kinangop. Kila mara mji ulishiba kwa kitambo, kisha ukaona kiu tena, na kila mara ulinyosha mkono wake juu zaidi milimani. Mwisho ukafika Ndakaini.

Kazi ilikwisha mwaka 1994. Sisi tuliokuwa watoto siku zile twakumbuka mingurumo ya mitambo na vumbi jekundu. Lilijengwa tuta kubwa la udongo na mawe, kimo chake zaidi ya mita 60, likaziba bonde. Likijaa, bwawa huweka karibu mita za ujazo milioni 70. Maji hupitishwa katika mahandaki yaliyochimbwa chini ya vilima, husafishwa katika mitambo ya Ng'ethu, kisha hushuka kwa mabomba hata Nairobi. Kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya maji ya mji ule yametoka hapa. Lakini chini ya maji yale yalikuwapo mashamba, na nyumba, na njia za watu kwenda sokoni. Wenyewe walihamishwa. Anayefungua bomba na asiwakumbuke hao hajamaliza kushukuru.

Adui wa bwawa si kiangazi peke yake. Kiangazi huonekana, na watu wote hupiga kelele, kama ilivyokuwa mwaka 2017, bwawa lilipopungua sana, kingo zake zikabaki wazi na kupasuka, na Nairobi wakapewa maji kwa mgawo. Mvua ikarudi, na mwaka uliofuata bwawa likajaa. Adui wa pili huja kimya, naye ni udongo. Shamba la mteremko likiachwa wazi, kila mvua huchukua kidogo: konzi moja hapa, karai moja pale. Udongo huo huingia mtoni, na mto huupeleka mahali maji yatuliapo, nao hushuka chini na kukaa. Mahali pa maji hupunguka mwaka kwa mwaka, na hakuna mvua iwezayo kuurudisha udongo mlimani. Bandu bandu huisha gogo. Bwawa la Masinga katika mto Tana, lililokamilika mwaka 1981, lilipokea udongo mwingi kuliko wajenzi walivyokadiria, na sehemu ya udongo huo ni ya migongo yetu.

Hapa ndipo yatupasa kurudi nyuma, kwa nyanya zetu. Baada ya Vita Kuu ya pili Serikali ya Kikoloni iliona kwamba udongo wa Murang'a, wilaya iliyoitwa Fort Hall siku zile, ulikuwa ukichukuliwa na mvua. Katika jambo hilo haikukosea. Lakini haikuuliza sana kwa nini watu wengi wamesongamana katika mashamba madogo ya mteremko, wala ni nani aliyezichukua nchi nyingine. Ikatoa amri kwa machifu: kila watu wachimbe matuta. Wanaume wengi walikuwa mbali katika kazi ya mshahara, basi jembe likaangukia mikono ya wanawake. Mama mwenye shamba lake la kulima, na kuni, na maji, na watoto, aliitwa asubuhi kadhaa za kila juma kuchimba matuta bila ujira.

Mwezi wa Julai 1947 watu wengi sana walikutanika Fort Hall, wakaazimia kwamba wanawake wasilazimishwe tena kazi hiyo. Mwaka 1948 wanawake wenyewe, zaidi ya elfu mbili, walikwenda mpaka boma wakiimba na kucheza, wakamwambia Bwana Shauri kwamba hawatafanya, maana kazi za nyumbani zawatosha. Wengine walikamatwa na kutozwa faini. Wako waliosema kwamba wanawake wale walikuwa wajinga wasiojua faida ya udongo. Sisi hatukubali. Hakuna aujuaye udongo kuliko yule anayeulima kila siku na kulisha watoto kwa mazao yake. Walichokataa ni kufanywa punda katika shamba lao wenyewe.

Kisha ikaja Hali ya Hatari mwaka 1952, na watu wakakusanywa katika vijiji vyenye boma na handaki. Matuta yakachimbwa tena, mengi kuliko kwanza, chini ya bunduki. Ni neno gumu kulisema, lakini ni la kweli: baadhi ya matuta yanayoshika udongo wetu hata leo yalichimbwa na watu waliokuwa wakilia. Na mengine, baada ya ulinzi kuondoka, yaliachwa yakabomoka, kwa kuwa hakuna aipendaye kazi ya utumwa wake.

Mambo yalianza kugeuka mkulima alipopata faida yake mwenyewe. Chai, ambayo zamani Mwafrika hakuruhusiwa kuilima kwa urahisi, ilienea katika mashamba madogo, hasa baada ya Uhuru, na mwaka 1964 likaanzishwa shirika la kuisimamia. Mchai ukikomaa hufunika ardhi na kuishika kwa mizizi yake. Na mwenye shamba huutunza kwa hiari, maana unamlipia karo ya shule. Tangu mwaka 1986 chai ilipandwa pia kama mshipi pembeni mwa misitu ya Serikali, ili majembe yasiingie ndani.

Mwaka 2015 ulizinduliwa mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi. Shauri lake ni jepesi kueleza: wanaotumia maji huko chini, yaani shirika la maji la mji, na la umeme, na makampuni ya vinywaji, watoe fedha, na wakulima wa juu wasaidiwe kuchimba matuta, kupanda majani ya napia kwenye kingo, kupanda miti, na kuchimba vidimbwi vya kukinga maji ya mvua. Mkulima hupata majani ya ng'ombe wake na maji ya mboga zake. Mji hupata maji yasiyo na tope. Tazameni basi: kazi ni ile ile, mteremko ni ule ule, na jembe ni lile lile lililokataliwa mwaka 1948. Kilichobadilika ni kwamba safari hii mwenye shamba aliulizwa. Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi.

Lakini deni halijakwisha. Wako wenyeji wa karibu na bwawa waliolalamika miaka mingi kwamba maji hupita mbele ya milango yao kwenda Nairobi, nao wangali wakichota mtoni kwa mitungi. Na viongozi wa Murang'a wamedai sehemu ya fedha zinazotokana na maji hayo. Sisi hatuandiki ili kuchochea ugomvi kati ya mlima na mji, kwa kuwa watoto wetu wengi wakaa mjini na kunywa maji hayo hayo. Twasema tu kwamba mlima ulioachwa na kiu hauwezi kwa muda mrefu kuwanywesha wengine kwa moyo mkunjufu.

Neno letu la mwisho ni kwa waalimu. Nyanya zetu wa mwaka 1948 wamebaki wachache, na matuta yao hayana majina. Waulizeni wazee walio hai, na watoto waandike. Kisha, mvua kubwa ikisha kunyesha, wachukueni watoto mpaka daraja lililo karibu na shule, wasimame na kuutazama mto. Ukiwa safi, wajue kwamba kuna watu huko juu walioamka mapema wakafanya kazi. Ukiwa mwekundu, waulizeni ni shamba la nani linalopita.